Virutubisho vya viungo vya mbwa: kopo, samaki, makongoro au mizani? Ulinganisho kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Mbwa wengi wa ulinzi huku Kusini hufanya kazi mpaka wanazeeka. Usiku wanazunguka ua, mchana wanalala kwenye saruji karibu na geti, na hakuna anayeangalia wanavyotembea hadi siku mmoja anaposhindwa kupanda baraza. Hapo mashauri yanaanza kumiminika. Aliyekaa Dar atasema agiza kopo la vidonge vya glukosamini. Jirani mvuvi atasema mpe samaki. Mama wa supu ana lake, makongoro. Daktari wa mifugo akipatikana, huenda akasema tu umpunguzie chakula, na wengi hupokea jibu hilo kana kwamba hawakujibiwa.

Makala haya ni kwa mwenye mbwa aliyekwama katikati ya mashauri hayo, na hasa yule ambaye mbwa wake bado mzima na anataka kumkinga na baridi yabisi ya viungo. Nianze na jambo ambalo wauzaji wa makopo hawalisemi: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kirutubisho chochote cha viungo kinamzuia mbwa mzima asipate ugonjwa huu. Kuna vinavyoweza kumpunguzia maumivu mbwa ambaye tayari anao. Hayo ni mambo mawili tofauti, na pesa nyingi hupotea kwa kuyachanganya.

Ugonjwa unaanzia wapi

Kiungo chenye afya kina gegedu laini inayofunika ncha za mifupa, na ute unaokilainisha. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikichubuka hupona kwa shida sana. Ikiendelea kulika, kiungo huvimba, mfupa huota vinundu kandokando, na mnyama huanza kuumwa.

Kwa mbwa, uzee peke yake mara nyingi si chanzo. Nyuma yake huwa kuna kasoro ya tangu utotoni au jeraha la zamani. Jamani shepadi na machotara wake hurithi kwa urahisi nyonga zisizokaa sawasawa. Rotiwaila na mbwa wengine wazito husumbuliwa na viwiko pia. Mbwa wetu wa kienyeji ana umbo jepesi na mara nyingi viungo vizuri, lakini akigongwa na bodaboda au akikatika ukano wa goti, goti lile lina uwezekano mkubwa wa kuingia baridi yabisi baadaye, hata kama lilionekana kupona.

Ndiyo maana naomba msomaji apime kila njia kwa swali hili: je, inagusa chanzo? Kidonge hakiwezi kurudisha nyonga mahali pake. Uzito unaobebwa na nyonga hiyo kila siku, huo tunaweza kuugusa.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni ushahidi, na ndani yake natenganisha kinga na nafuu. Hapa lazima nieleze kitu kinachowapoteza hata watu makini. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mbwa 58 wenye kuchechemea ambao walipewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Miguu ya mbwa ilipimwa kwa mashine inayorekodi nguvu ya kukanyaga, na wenye mbwa nao wakaulizwa walivyoona. Zaidi ya nusu ya mara, wenye mbwa waliona nafuu ambayo mashine haikuiona. Hata madaktari wa wanyama walidanganyika kwa takriban asilimia 40 hadi 45. Hawakuwa waongo, walimpenda mnyama na walitamani apone. Kwa hiyo mtu akikwambia "wangu alipona kwa kopo hili", mheshimu, lakini usilichukulie hilo kuwa ushahidi.

Kigezo cha pili ni usalama. Cha tatu ni upatikanaji, tena wa mfululizo, kwa sababu kitu cha kutumia miezi hakina maana kikikatika kila wiki ya tatu. Cha nne ni gharama ya mwezi mzima badala ya bei ya chupa moja. Cha mwisho ni kazi ya kila siku: nani ataifanya, hasa kwenye nyumba ambayo mbwa hulishwa na mlinzi, au ambayo watu wanajiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ya twahara na hawapendi kushika kinywa chake.

Njia ya kwanza: kopo la glukosamini na kondroitini

*Ushahidi.* Glukosamini hutengenezwa zaidi kutokana na maganda ya kamba na kaa, na kondroitini hutoka kwenye gegedu za ng'ombe, nguruwe au papa. Wazo lake linaeleweka: mpe mwili malighafi ya gegedu ili ujirekebishe. Majaribio hayajaliunga mkono vizuri. Kwa binadamu, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilihusisha watu 1,583 wenye maumivu ya goti, na kwa ujumla mchanganyiko huu haukushinda dawa bandia. Kwa mbwa kuna jaribio la mwaka 2007 lenye mbwa 35, ambapo waliopewa mchanganyiko walionekana kupata nafuu kufikia siku ya 70, polepole kuliko waliopewa dawa ya maumivu iitwayo carprofen. Kasoro ya jaribio hilo ni kwamba halikuwa na kundi la dawa bandia, na tumeshaona jinsi macho ya mwenye mbwa yanavyoweza kumwongopea. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walikusanya majaribio 72 ya lishe na virutubisho kwa mbwa na paka, wakahitimisha kwamba glukosamini na kondroitini hazionyeshi kazi ya kutuliza maumivu kiasi cha kuendelea kupendekezwa.

Hayo yote yanahusu nafuu. Kwa kinga, hakuna kitu cha kushika mkononi.

*Usalama.* Hapa kopo linastahili sifa yake. Mbwa wengi hulivumilia. Likiwasumbua, huwa ni kuharisha au kutapika kidogo. Hatari inakuja unaponunua la binadamu. Vidonge vya kutafuna na unga wenye ladha tamu unaweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa ni sumu kali: hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Vingine vimeongezwa vitamini D kwa kiasi kinachomfaa mtu mzima. Soma maandishi madogo yote. Familia ya Kiislamu nayo ina sababu yake ya kuyasoma, kwa kuwa kondroitini ya nguruwe ipo sokoni na mara nyingi haitangazwi mbele ya kopo.

*Upatikanaji na gharama.* Maduka mengi ya dawa za mifugo huku yamejaa dawa za minyoo, za kuogesha na chanjo za kuku. Kopo la viungo vya mbwa kwa kawaida linaagizwa Dar es Salaam, na kwa aliye Mtwara hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika maeneo ya Kilwa na magari yakakwama. Anayetegemea kopo la Dar anatakiwa awe na akiba. Kuhusu bei, usiangalie namba iliyobandikwa. Hesabu vidonge, gawanya kwa idadi ya kila siku kulingana na uzito wa mbwa wako. Kopo la vidonge 60 kwa mbwa mkubwa anayehitaji viwili kwa siku ni la mwezi mmoja tu, na kinga, kama ingekuwepo, ingekuwa ya maisha yake yote.

*Kazi ya kila siku.* Ndogo. Unakificha kidonge kwenye tonge la ugali, basi.

*Anayemfaa.* Mtu mwenye uwezo, ambaye mbwa wake ameshapimwa na ana ugonjwa, na ambaye yuko tayari kujaribu kwa miezi miwili au mitatu kisha kuacha asipoona tofauti ya kweli. Sioni sababu ya kumpa mbwa wa miaka miwili asiye na shida yoyote.

Njia ya pili: mafuta ya samaki, au samaki mwenyewe

*Ushahidi.* Kati ya vyote vinavyoitwa virutubisho, hiki ndicho chenye msingi imara zaidi. Kinachotafutwa ni omega-3 za baharini, yaani asidi za mafuta ziitwazo EPA na DHA, ambazo hupunguza mchakato wa uvimbe ndani ya mwili. Mbwa wenye baridi yabisi waliolishwa chakula chenye omega-3 nyingi walikanyaga kwa nguvu zaidi kwenye mashine, na katika jaribio jingine waliweza kupunguziwa kiwango cha carprofen. Uchambuzi ule wa mwaka 2022 ulizipa omega-3 alama nzuri. Hata hivyo tunazungumzia mbwa ambao tayari wanaumwa. Kwa mbwa mzima, omega-3 ni chakula kizuri. Kuiita kinga ya viungo ni kuruka mbele ya ushahidi.

Tatizo ni kiasi. Kwa mbwa wa kilo 20 mwenye baridi yabisi, kiwango cha juu kinachotumiwa na wataalamu wa lishe ya wanyama kinakaribia miligramu 2,900 za EPA na DHA kwa siku. Kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki kilichoandikwa miligramu 1,000 mara nyingi kina 180 za EPA na 120 za DHA, jumla 300. Maana yake ni vidonge tisa au kumi kwa siku. Anayempa mbwa huyo kidonge kimoja na kungoja muujiza hajajaribu omega-3. Na vidonge kumi ni gramu kumi za mafuta, kama kilokalori 90, ilhali mbwa huyo anahitaji karibu 1,000 kwa siku nzima. Usipopunguza chakula kingine, unamnenepesha kwa jina la kumtibu.

*Usalama.* Anza kidogo, robo ya kiasi, upandishe kwa wiki kadhaa. Ukizidisha ghafla ataharisha. Kiasi kikubwa kinaweza kupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo mwambie daktari kabla ya upasuaji. Usichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki, yale ambayo watoto hupewa: hayo yana vitamini A na D nyingi, na ukipandisha dozi ili ufikie omega-3, unamlisha vitamini hizo kupita kiasi.

Na hapa pwani nina neno la kusisitiza. Mbwa anayezurura ufukweni anaweza kuokota bunju aliyetupwa na wavuvi. Sumu ya bunju haitoki kwa kupikwa wala kukaushwa, na inaua. Kama unampeleka mbwa Feri au Mikindani nyavu zinapovutwa, mfunge kamba.

*Upatikanaji na gharama.* Katika hili tuna bahati ambayo mfugaji wa bara hana. Dagaa wa baharini, vibua na samaki wengine wenye mafuta wanauzwa kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msanga Mkuu, na msimu ukiwa mzuri vichwa na vipande visivyonunuliwa hupatikana kwa bei ndogo. Ila si kila dagaa anafaa. Dagaa wetu wa kukaushwa mara nyingi huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi nyingi, na kuanikwa juani huharibu sehemu ya mafuta yale yale unayoyatafuta. Wabichi waliochemshwa kwa maji matupu ni bora kuliko wakavu. Uchemshe kweli, kwa sababu dagaa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto hukimaliza. Dagaa wadogo huliwa mzima. Vibua na wakubwa zaidi watoe miiba.

Vidonge vya maduka ya dawa vinapatikana Mtwara mjini na Lindi mjini bila safari. Angalia chupa imekaa wapi. Mafuta haya huharibika kwa joto na mwanga. Toboa kidonge kimoja unuse: kikinuka uvundo mkali, rudisha.

Kuna anayeuliza kama mafuta ya ufuta yanaweza kushika nafasi hiyo, maana Lindi tunao tele. Hayawezi. Ufuta una omega-6 kwa wingi na omega-3 kidogo mno, na mafuta ya nazi nayo hayana omega-3 ya maana.

*Kazi ya kila siku.* Ya wastani. Lazima kuna mtu wa kuchemsha, na harufu inajaa uani. Ugumu mwingine ni kwamba samaki hawana kipimo. EPA na DHA hubadilika kwa aina na kwa msimu, kwa hiyo kwa samaki unampa mbwa lishe nzuri bila kujua dozi kamili. Ukihitaji dozi ya tiba, vidonge vinahesabika.

*Anayemfaa.* Mbwa aliyeanza kukakamaa asubuhi, ambaye mwenyewe anaishi karibu na bahari au ana uvumilivu wa kuhesabu vidonge. Pia mbwa anayekula ugali mtupu siku zote, ambaye samaki atamfaa hata tukisahau habari ya viungo.

Njia ya tatu: supu ya makongoro na gegedu

*Ushahidi.* Najua naingia kwenye uwanja wenye watetezi wengi. Makongoro yana kolajeni, na kolajeni ndiyo nguzo ya gegedu. Lakini ikifika tumboni humeng'enywa kuwa vipande vidogo vya protini, kama nyumba iliyobomolewa ambayo matofali yake hayajui tena yalitoka chumba gani, na mwili huyatumia unapotaka. Ipo kolajeni maalumu ya dukani isiyopikwa, inayotolewa kwa dozi ndogo sana na inayokusudiwa kufanya kazi kupitia kinga ya mwili. Supu iliyochemka saa nne imeshapoteza umbo hilo. Kwa viungo vya mbwa, makongoro hayana ushahidi wa kinga wala wa nafuu. Ni chakula kitamu chenye protini, na hilo nalo si dogo.

*Usalama.* Supu ya binadamu imewekwa vitunguu na chumvi. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Kama utampa, toa sehemu yake kabla hujaunga. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa: hupasuka vipande vyenye ncha, na kuna wanaokufa kwa kutobolewa utumbo. Mafuta yanayoelea juu yaengue.

*Upatikanaji na gharama.* Yapo kila penye machinjio, kuanzia Masasi hadi Nachingwea. Kwa gharama, ni rahisi kama tayari mnapika. Kuyanunua kwa ajili ya mbwa tu ni ghali kwa faida yake.

*Kazi ya kila siku.* Saa nyingi jikoni, na kuni au mkaa.

*Anayemfaa.* Mbwa mzee asiyependa kula, anayehitaji kitu cha kumfungua hamu. Akikonda kwa uzee, supu isiyoungwa juu ya chakula chake humsaidia kula.

Njia ya nne: mizani

*Ushahidi.* Mizani hapa maana yake ni kudhibiti uzito wa mbwa. Hii ndiyo njia pekee yenye ushahidi wa kinga, na ushahidi wenyewe ni wa aina yake. Nchini Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa jozi jozi wakiwa bado watoto. Katika kila jozi mmoja alilishwa asilimia 25 pungufu ya mwenzake, kwa chakula kile kile, maisha yao yote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 ni haya: waliolishwa pungufu waliishi kwa wastani wa kati wa miaka 13, wenzao 11.2. Umri ambao nusu yao walikuwa wameshahitaji tiba ya baridi yabisi ulikuwa miaka 13.3 kwa waliolishwa pungufu na 10.3 kwa wenzao. Miaka mitatu ya kutembea bila tiba ya viungo, kwa kitu kisichouzwa popote.

Na faida haiishii kwa mbwa wazima. Katika utafiti wa mwaka 2010, mbwa wanene wenye baridi yabisi walianza kupunguza kuchechemea baada ya kupungua takriban asilimia 6 tu ya uzito. Kwa mbwa wa kilo 40, hizo ni karibu kilo mbili na nusu.

*Usalama.* Ni salama kwa mbwa mnene. Kwa mbwa aliyekonda ni ukatili, na hapa naomba tuelewane. Mbwa wengi wa mashambani, wanaolinda mikorosho dhidi ya nyani na nguruwe pori huko Tandahimba au Newala, hawana mafuta ya kupunguza. Wana minyoo na kupe, na wanakula mara moja kwa siku. Ushauri wa kupunguza chakula ni wa mbwa wa ua mjini, Shangani kwa mfano, anayekula makombo ya wali kutoka kila sahani na kutembea kutoka geti hadi kibarazani.

Pima kwa mkono. Pitisha vidole ubavuni: unatakiwa uhisi mbavu kwa urahisi bila kubonyeza, ila zisionekane zote kwa mbali. Ukimtazama kwa juu awe na kiuno, na kwa pembeni tumbo lipande kuelekea nyuma.

*Upatikanaji na gharama.* Inakupunguzia matumizi. Kwa mizani, mbwa mdogo unambeba, unapanda naye kwenye mizani ya watu, kisha unatoa uzito wako. Mkubwa anaweza kupimwa kwenye mizani ya bapa ya dukani au ya chama cha msingi wakati si msimu wa korosho, kwa ruhusa, na gunia limetandikwa juu.

*Kazi ya kila siku.* Kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu watu hununua makopo. Watu wote wa nyumba lazima wakubaliane: mtoto asitupe kipande cha chapati, mlinzi asigawane naye wali wake, bibi asimhurumie. Tumia kikombe kimoja cha kupimia, siku zote kile kile. Ongeza mwendo wa kila siku, asubuhi na mapema au jioni, kwenye mchanga mgumu wa maji kupwa. Mchanga laini huchosha viungo vilivyo dhaifu. Kuogelea penye maji tulivu kunajenga misuli bila kugonga viungo. Na mahali pa kulala, magunia ya korosho yaliyochakaa yakikunjwa mara tatu ni bora kuliko saruji.

*Anayemfaa.* Mbwa yeyote mnene, na mtoto yeyote wa mbwa wa jamii kubwa. Haimfai mbwa aliyekonda, wala mzee anayepungua uzito bila sababu inayojulikana.

Vingine vinavyotajwa

Manjano yana kurkumini, ambayo mwili huifyonza kwa shida. Kuyanyunyiza kwenye ugali hakudhuru, lakini usitegemee mengi. Kome wa kijani wa New Zealand wana omega-3 na wanajadiliwa sana na wataalamu, ila kwetu hawapatikani kirahisi. Sindano na dawa za maumivu za mbwa, kama meloxicam, ni tiba za daktari na haziingii kwenye ulinganisho huu.

Dawa za binadamu ni suala jingine. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli zimo karibu kila nyumba, na kila mara kuna mtu wa kusema "mpe nusu". Usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Panadoli kwa dozi isiyo yake huharibu ini na damu.

Hakikisha kwanza kwamba ni viungo

Mbwa anayechechemea Lindi au Mtwara anaweza kuwa na mwiba, funza, jeraha la panga, au homa inayoletwa na kupe, ambayo nayo huweza kuvimbisha viungo. Angalia nyayo, katikati ya vidole, pima joto kama una kipimajoto. Ufizi mweupe, kutoka damu puani, kupoteza hamu ya kula: hizo si dalili za baridi yabisi, na kila siku ya kungoja inampunguzia nafasi ya kupona. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanza naye, na wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa ni nafasi nzuri ya kumwomba apapase nyonga na magoti. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni safari ndefu, lakini pale kuna wataalamu waliobobea katika tiba ya wanyama.

Kwa hali yako

Una mtoto wa jamani shepadi au rotiwaila: usinunue kopo lolote la viungo. Mlishe akue polepole, abaki mwembamba. Usimwongezee unga wa mifupa wala DCP ya mifugo (unga wa madini wenye kalisi na fosfori) kwa kubahatisha. Kalisi ikizidi huharibu mifupa ya mtoto wa jamii kubwa, na ikikosekana kabisa, kama kwa anayekula ugali mtupu, mifupa hupinda. Mwulize daktari akupangie mlo. Ukitaka kumhasi, uliza pia kuhusu umri, kwa kuwa kwa jamani shepadi kuhasi kabla ya mwaka mmoja kumehusishwa na matatizo zaidi ya viungo.

Una mbwa mzima wa miaka mitatu hadi sita, mnene: weka pesa ya kopo mfukoni, shughulika na bakuli na mwendo kwa miezi mitatu, kisha umpime tena.

Una mbwa wa kienyeji shambani, mwembamba na mwepesi: dawa ya minyoo, kuondoa kupe, chanjo na protini ya kutosha, samaki wakiwemo, vinatangulia mbali kabisa suala la viungo.

Mbwa wako ameshathibitishwa kuwa na baridi yabisi na uzito wake uko sawa: omega-3 kwa dozi ya kweli ndiyo ningeijaribu kwanza, sambamba na dawa atakayoandikiwa. Kama bajeti inaruhusu na unataka kuongeza glukosamini, iongeze peke yake, wakati ambapo hubadilishi kitu kingine. Kabla ya kuanza, mpige video ya simu akitembea mbele yako na akipanda ngazi. Piga nyingine baada ya wiki nane mahali pale pale, kisha mwonyeshe mtu asiyejua ipi ni ya kwanza na umwombe aseme mbwa anatembea vizuri zaidi katika ipi.

Alikatika goti au aligongwa zamani, sasa anatembea vizuri: huyo ndiye wa kumtazama kwa makini kuliko wote. Mfanye awe mwembamba, mwendo uwe wa kila siku na wa wastani, na umwonyeshe daktari mara tu anapoanza kuchelewa kuinuka asubuhi.

Ni mzee, anakonda na hataki kula: acha habari ya kumpunguzia chakula. Apimwe figo na meno, apewe supu isiyoungwa juu ya chakula chake, na alalie magunia.

Na kama wewe hupo nyumbani na mbwa anatunzwa na mlinzi, chagua njia ambayo mlinzi ataiweza. Kidonge kimoja kwenye ugali kitatolewa. Kuchemsha dagaa kila jioni huenda kusifanyike. Mwachie kikombe cha kupimia, mwelekeze ni kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na umwambie wazi kwamba makombo ya sahani hayaruhusiwi.